Sehemu Iliyokatika kwenye Kanda ya Guyo

Nyinyi mnaojifunza gitaa kwa simu, mnabonyeza kidole na mwalimu wa watu anarudia mara mia bila kununa, siwaonei wivu. Haya, kidogo. Sisi tulijifunza kwa kanda, na kanda ikinaswa ndani ya redio kaseti unaivuta polepole kama utumbo wa kuku, halafu unaizungusha na biro ukiomba isikatike. Nimepiga gitaa la umeme hapa Isiolo karibu maisha yangu yote ya kazi, kwenye harusi, kwenye mahoteli ya mjini, na miaka mingi zaidi kwenye loji moja kule mbele ya Ngaremara. Sasa kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimekaza, asubuhi hakikunjiki kabisa, na gitaa nimelitundika ukutani. Watu huniomba niwafundishe. Nitawafundisha wimbo mmoja tu, wa bluzi, jinsi nilivyojifunza mimi, kwa sababu ndani ya wimbo huo nilimkosea rafiki yangu, na kosa lenyewe bado ninalibeba.

Rafiki huyo ni Guyo. Alikuwa mpiga besi wetu, Mborana wa mtaa wa Wabera hapa mjini, mrefu, mpole, mtu wa kukunja waya wake vizuri baada ya kazi wakati sisi wengine tunarundika zetu kwenye gunia. Baba yake aliuza ng'ombe na hakutaka kusikia habari ya muziki. Mama yake ndiye aliyemruhusu, lakini kwa sharti moja: adhana ikilia, mkono utoke kwenye uzi. Guyo alilishika sharti hilo kuliko wengi tunavyoshika amri kumi.

Mazoezi tulifanyia kwenye stoo nyuma ya duka la mabati, pale pale Wabera, na misikiti ilikuwa karibu. Adhana ya alasiri ikianza, Guyo anazima besi, anaenda. Hata kama tuko katikati ya wimbo, hata kama ndiyo mara ya kwanza umetoka vizuri. Mimi ni Mmeru, mtu wa kanisa, na mwanzoni nilikuwa nanung'unika. Baadaye nikazoea. Tulizima wote, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwa mama mmoja hapo nje, Guyo akirudi tunaanza wimbo upya kutoka mwanzo. Bendi nyingi za mji huu wakati ule zilifanya hivyo, na hakuna aliyeona ni ajabu.

Kiongozi wetu alikuwa Mwenda, tuliyemwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake, na ngoma zilipigwa na Ekai, Mturkana aliyekuwa na mikono mizito na moyo mwepesi. Mpiga solo alitutoroka akaenda Nairobi. Mimi nilikuwa wa kupiga ridhim tu, ile ya kukwaruza nyuma wengine wakionekana mbele. Basi ikaja habari kwamba loji inatafuta bendi ya kukaa. Meneja wake, mama mmoja mpole aliyetoka Nairobi, alipenda tunavyopiga, lakini akasema wageni wake hupenda bluzi, na yeye mwenyewe pia, kwa hiyo akataka asikie tukipiga bluzi. Alitupa wiki tatu.

Kapteni alinikalisha kwenye gunia la misumari akaniambia nichague. Niushike wimbo mmoja wa bluzi, nipige solo, au atafute mtu huko Meru na mimi nirudi kwa baba kulima. Baba yangu alikuwa anangoja hiyo siku. Kila nilipoenda nyumbani alinionyesha jembe langu pale kwenye pembe ya jikoni, amelitia mpini mpya.

Kwa hiyo mjue kwamba sikujifunza bluzi kwa kuipenda. Nilijifunza kwa kuogopa jembe.

Bluzi yenyewe tulikuwa nayo moja, kwenye kanda ya Guyo. Alikuwa ameirekodi kutoka kwa redio jioni moja, redio kaseti ikiwa dirishani ili ishike mawimbi. Mtangazaji alikuwa amekwisha kutaja jina la mwimbaji kabla Guyo hajabonyeza, kwa hiyo hatukujua ni nani wala wimbo unaitwaje. Ubeti wa kwanza uliingia wote. Ubeti wa pili, ule wa gitaa bila kuimba, ulifika mistari miwili, magharibi ikaingia, muadhini akaanza, na Guyo akazima. Aliporudi kutoka kuswali, redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ndiyo kanda tuliyokuwa nayo: ubeti mmoja na theluthi mbili, halafu tak, halafu kimya.

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo watu hupotea. Ubeti wa bluzi ni vipande kumi na viwili, kila kipande mipigo minne. Vipande vinne ni mstari wa kwanza, vinne vya pili, vinne vya tatu. Mstari wa pili unarudia maneno ya wa kwanza, na wa tatu ndio jibu. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole kama mtoto wa nasari na bado napotea. Guyo, ambaye hakuwahi kuhesabu kitu isipokuwa ng'ombe wa baba yake, ndiye aliyenifungulia.

"Wewe fikiria mama yangu," aliniambia. "Mbuzi akipotea anakuambia, mbuzi hayuko. Unanyamaza. Anaangalia kando, anasema tena, mbuzi hayuko. Sasa ya tatu ndio anakuambia kitu atakufanyia."

Tangu siku hiyo sikupotea tena kwenye ubeti wa kwanza. Nimewafundisha vijana wengi kwa mbuzi wa mama Guyo, na nyinyi mnaweza kumtumia.

Makosa yangu mengine yalikuwa ya kuchekesha. Wiki ya kwanza nilijifunza wimbo wote kwa sauti ya chini sana, nikalegeza nyuzi za gitaa mpaka zikawa zinagonga mbao, nikijisifu kwamba nimegundua siri ya bluzi. Halafu Ekai akaleta betri mpya, tukatia kwenye redio, na yule mwimbaji mzee mwenye kifua akageuka kijana aliyebalehe jana. Kumbe betri zilikuwa zimechoka na kanda ilikuwa inatambaa. Nilikaza nyuzi zangu upya, nao wakacheka mpaka mama wa chai akachungulia.

La pili ni nyuzi. Kwenye bluzi uzi haupigwi tu, unavutwa. Unaubana, unausukuma kando kwenye shingo ya gitaa mpaka sauti ipande, ifike pale ambapo ungeipata ukisogea nafasi mbili mbele. Hapo ndipo gitaa linalia kama mtu. Mimi nilikuwa nimefunga nyuzi nene, zile tulizozoea kwa nyimbo zetu za harusi, na uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya juu. Huo hauvutiki hata ukiwa na mkono wa mpasua kuni. Niliuvuta siku tano, ncha za vidole zikapasuka, nikawa nakula ugali kwa mkono wa kulia na kuuficha wa kushoto mfukoni ili mke wangu asiuone. Mwishowe nikatumia akili. Nilitoa ule mnene nikatupa, uzi wa pili nikaufunga mahali pa wa tatu, wa kwanza mahali pa wa pili, na pale pa kwanza nikafunga uzi mwembamba wa kwanza kutoka kwa gitaa bovu la Kapteni. Uzi ukavutika. Mkiona gitaa lenu halilii, msilaumu vidole vyenu kabla ya kutazama nyuzi.

Na kwa kuwa nyuzi mpya zilitoka Nairobi na kufika zikitaka, zile za zamani tulizichemsha. Unazifungua, unazikunja, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota dakika chache, unatoa, unapangusa vizuri na kitambaa kikavu. Uchafu na jasho vinatoka, na kwa siku tatu nne zinalia kama mpya. Msitumie sufuria ya nyumbani. Mke wangu alionja chuma kwenye mchuzi akanyamaza siku mbili, na nilijua sababu.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ile sehemu iliyokatika. Mstari wa tatu wa ubeti wa pili haukuwepo kwenye kanda, kwa hiyo ilibidi tuutengeneze sisi wenyewe. Vipande vinne, mipigo kumi na sita. Kwa mtu mwenye hofu, mipigo kumi na sita ni kiwanja cha kujazwa. Niliweka kila kitu nilichojua: mitindo ya harusi, mbio za juu mpaka chini, hata kipande cha wimbo wa kanisani. Kila siku nilikuwa naongeza. Guyo alinisikiliza siku nyingi, mwisho akasema, "Kirimi, unapiga kama mtu amefukuzwa na nyuki. Hapo acha tu. Niachie mimi na Ekai."

Nikamwuliza niache vipi, mimi ndiye mpiga solo, meneja atasema sijui kazi. Akasema besi itajibu. Nilidhani ananionea wivu. Nawaambia ukweli, nilidhani hivyo, mtu ambaye ndiye aliyenipa wimbo na kunihesabia ubeti. Hofu humfanya mtu mdogo sana.

Siku ikafika. Loji ilituma pikapu, tukapakia spika na ngoma, tukafika saa nane mchana, jua linachoma mpaka shingo ya gitaa ikawa ya moto. Tulipanga vyombo kivulini karibu na bwawa la kuogelea. Meneja alikaa kwenye kiti mbele yetu, na wahudumu wakasimama nyuma yake na trei zao. Tulipiga nyimbo zetu mbili zikapokelewa vizuri. Halafu akaomba bluzi.

Ubeti wa kwanza ulipita salama, mbuzi akapotea mara mbili na kujibiwa. Ubeti wa pili, mstari wa kwanza, wa pili, vizuri. Nikafika pale palipokatika na vidole vikatoka mbio. Sijui nilipiga nini. Niliingia na za harusi, nikakosa mlango wa kutokea, nikarudia, nikapitisha kipande cha kumi na mbili nikiwa bado napanda. Ekai alifunga ubeti peke yake, Kapteni akaingia kuimba tena, mimi nikawa upande mwingine kabisa kama ng'ombe aliyekataa zizi. Wimbo ulisimama wenyewe.

Meneja hakukasirika. Aliuliza tu, kwa upole, nini kimetokea pale katikati. Wote wakanitazama mimi. Nikaliona jembe la baba na mpini wake mpya.

"Si mimi, madam," nikasema. "Ni kanda ya Guyo. Alizima redio akaenda kuomba, wimbo ukabaki nusu. Huwezi kujifunza muziki na mtu wa msikiti."

Ulimi hauna mfupa. Nilisema kwa sauti, wahudumu wote wakasikia, na wengine wao walikuwa Waislamu. Mmoja aliyekuwa pembeni akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye ili ionekane ni mzaha.  Guyo aliinamia besi yake akawa anageuza kitufe cha sauti ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. Meneja alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akasema tujaribu mara moja zaidi.

Tulianza. Kusema kweli sikuwa najua ninachopiga kwa aibu. Ubeti wa kwanza mikono ilikumbuka yenyewe. Ubeti wa pili, mstari wa kwanza, wa pili, na tulipofika pale palipokatika sikuweza. Vidole vilikataa. Niliweka kiganja juu ya nyuzi nikasimama tu, mbele ya watu wote, nikingoja aibu ya pili.

Guyo akajibu. Alipiga sauti chache sana, nzito, zimeachana, Ekai akimfuata kwa mbali, na kila moja ilingoja mwenzake iishe kabla ya kuja. Kipande cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja. Nilikuwa nimepiga gitaa miaka sita na sikuwahi kusikia wimbo ukipumua hivyo. Kwenye cha kumi na mbili alinitazama, akainua kidevu kidogo, na hapo nikajua mahali pa kuingia. Niliingia na uzi mmoja, nikauvuta mpaka juu, nikauacha. Mtu ambaye nimetoka kumvua nguo hadharani ndiye aliyenishika mkono akanivusha.

Meneja alifumba macho mpaka mwisho. Alipoyafumbua alisema tumepata kazi, na akasema ile sehemu ambapo gitaa linanyamaza tusije tukaigusa. Kapteni alinikumbatia mimi. Mimi ndiye niliyekumbatiwa, mnaelewa? Ningeweza kusema pale pale kwamba ni wazo la Guyo. Ilikuwa sentensi moja. Sikuisema.

Guyo alikunja waya wake taratibu, akapanda pikapu na sisi, akashuka Wabera akatuaga wote kwa jina. Kesho yake besi ililetwa kwa Kapteni na binamu ya Guyo. Tulisikia amekwenda Kinna, kwenye shamba la mjomba wake linalomwagiliwa maji, analima vitunguu. Kapteni alinituma nimfuate, nikatoa visingizio mpaka akaacha kunituma. Tulimpata mpiga besi mwingine, mzuri tu, na loji ikatulisha miaka yote hiyo. Kila tulipopiga ule wimbo niliweka kiganja juu ya nyuzi pale pale, na wageni walinipongeza kwa kujua kunyamaza. Nilikuwa nawashukuru. Usiku au mchana, sikuwahi kuifurahia pongezi hiyo hata mara moja.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda, Kinna si Ulaya. Mwaka wa kwanza niliona haya. Mwaka wa tano niliona nimechelewa. Baada ya hapo nilijiambia amesahau. Nilikuwa nikimtumia salamu kwa watu waendao sokoni, na salamu zilikuwa zikirudi, wa aleikum salaam, mwambie sisi ni wazima. Mtu mzima anaweza kujificha nyuma ya salamu kwa miaka mingi, nimefanya hivyo.

Mwaka jana, nilipoacha kazi kwa sababu ya kidole hiki, binti yangu aliniimbia ule wimbo kwenye simu na simu ikautafuta yenyewe. Ukatokea wote, wenye jina, wenye mwimbaji, wenye mwisho. Nilisikiliza ile sehemu mara kumi. Unajua kilichokuwepo pale? Besi na ngoma, na gitaa sauti tatu tu, mwishoni kabisa. Guyo hakuwahi kuisikia, lakini alijua. Siku ya tatu nikapanda gari kwenda Kinna.

Nilimkuta mferejini, suruali imekunjwa, ndevu zimetiwa hina. Nilimsalimu kwa salaam aleikum, akaitikia, akaniita Kirimi kana kwamba tuliachana juzi. Tuliulizana nyumbani, watoto, mvua, mifugo, bei ya vitunguu, kama watu wanavyofanya. Aliniwekea mkeka, chai ikaja. Nikamwekea wimbo kwenye simu. Aliusikiliza wote, ameinamisha kichwa, hakutikisika. Ulipoisha akasema ni mzuri. Basi.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia nilichosema siku ile hakikuwa kweli, kwamba kanda haikuwa na kosa na yeye hakuwa na kosa, kwamba nililinda tumbo langu kwa dini yake, na kwamba kazi yote niliyokula baadaye ilitoka kwenye mikono yake. Nililia, siwafichi. Yeye alikuwa anachora udongo na kijiti. Alikaa kimya muda mrefu, na safari hii sikujaribu kuujaza.

"Mimi hukuhitaji kuniambia," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa najua, na wewe ulikuwa unajua. Lakini ulisema mbele ya watu, Kirimi. Nenda urudishe mbele ya watu."

Nikamwambia watu wale hawako. Kapteni amekufa, Ekai yuko Lodwar na masikio yamekufa, meneja alihama zamani, wahudumu wametawanyika, mimi hata majina yao sikumbuki. Akasema watu hawamaliziki duniani. Akanijazia vitunguu kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani, akarudi kwenye maji yake.

Nimefikiria mwaka mzima watu hao ni akina nani. Redio haitanipa nafasi, na kanisani wangeona ni mambo ya bendi. Basi nimewapata nyinyi, mnaotaka kujua bluzi, maana nyinyi mtaupiga wimbo huo na mtafika pale pale. Mimi naitwa Kirimi, nilipiga gitaa Isiolo. Nilisema mbele ya watu kwamba Guyo wa Wabera aliharibu wimbo kwa ajili ya kuswali. Nilisema uongo. Aliyeuharibu ni mimi, na aliyeutengeneza ni yeye. Anayepita Kinna amwambie Guyo kwamba ameyasikia haya.